Tepe Nyekundu Bondeni kwa Marita

"Nifungeni kitambaa machoni, mnizungushe mara saba, mnitupe kwenye kilima chochote cha Ileje mwezi wa saba nyasi zikiwa zimeungua, na kabla mwanamke mwenye kuni kavu hajamaliza kusonga ugali, nitakuwa nimewachimbulia chikanda ya kujaza sufuria."

Hayo aliyasema Marita, mama Asajile, kwenye kipaza sauti cha kanisa, siku ya sikukuu ya mavuno mwaka 2010. Hakuna aliyemuuliza. Wenzake walileta maharage, ulezi, jogoo aliyefungwa miguu, wakaweka mezani vinadiwe, wakarudi kukaa. Marita aliweka kikapu chake akaomba kipaza sauti. Mchungaji alimpa akidhani mama wa watu ana ushuhuda wa kupona tumbo.

Hata hivyo hakudanganya. Chikanda ni vile viazi vidogo, saizi ya dole gumba, vinavyokaa chini ya maua mwitu ya milimani. Wazambia wanavitwanga na karanga, wanatia pilipili na magadi, wanapika mpaka vinagandamana kama keki, wanakata vipande na kula kwa furaha ambayo watu wa Ileje hawajawahi kuielewa. Wao wanachimba tu na kupeleka Tunduma. Ua likiwa limesimama, mwezi wa pili au wa tatu, hata kipofu anaweza kuchimba. Kazi inaanza shina likishanyauka na kupotea, kilima kikabaki kitupu kama kichwa cha mzee. Hapo wachimbaji wote hukaa nyumbani wakisubiri mvua, na Marita hutoka na kijembe chake kilicholika hadi kufanana na kijiko. Alikuwa anapapasa ardhi kwa unyayo, peku, na palipokuwa laini kwa namna aliyoijua yeye, palikuwa pamejaa.

Alifundishwa na bibi yake mzaa mama. Sheria za bibi zilikuwa chache: katika mimea mitatu chimba mmoja, rudishia udongo, laza nyasi juu, na usirudi kwa njia uliyojia. Ile ya njia ndiyo iliyomtajirisha Marita, kama kuezeka bati na kumsomesha Asajile mpaka kidato cha nne ni utajiri. Alikuwa na bonde lake. Bonde dogo lenye majimaji, nyuma ya kilima kinachotazama Itumba, na kwa miaka yote hiyo hakukuwa na kijia cha kwenda huko, kwa sababu hakuwahi kukanyaga mahali pamoja mara mbili. Vilima vingine vyote vilikuwa vimeshakwanguliwa. Magari yalikuwa yanakuja kutoka Mpemba yakiwa na vijana wenye majembe mapya, wanachimba mpaka mzizi wa nyasi, wanaondoka. Bonde la Marita lilibaki, limejaa maua kila mwezi wa pili, na hakuna aliyelijua isipokuwa Mungu, ambaye hali chikanda.

Yeye naye alimfundisha kazi mtu mmoja tu: Nesta, mama Erica, mke wa mdogo wa mumewe. Nesta alipoolewa alikuwa hajui hata kushika kijembe. Marita akamchukua, akamwonyesha mmea upi ni upi, akamwonyesha kurudishia udongo. Bonde hakumwonyesha. Kuna vitu mtu humfundisha shemeji, na kuna vitu mtu hubaki navyo ili shemeji aendelee kusalimia kwa heshima.

Sasa, mwezi wa pili mwaka 2011 akaja Zuleha. Alikuwa binti wa chuo kikuu, mwenyeji wa Pangani, amevaa hijabu, viatu vya kupandia milima na miwani ambayo ukungu wa Ileje uliifanya isiwe na kazi. Alikuwa anatafiti okidi, ndivyo alivyoyaita yale maua, na namna wenyeji wanavyoyajua na kuyatunza kabla hayajaisha. Akafika ofisi ya kijiji na barua yenye mhuri, akamwomba mwenyekiti, mzee Jairo, ampatie mtu mmoja anayeyajua maua hayo kuliko wote.

Siku hiyo Marita alikuwa Tunduma kuuza.

Mzee Jairo angeweza kusema subiri kesho. Alisema baadaye kwamba binti alikuwa amelowa mvua na anatetemeka, na Nesta ndiye aliyekuwa anapita na kuni. Kwa hiyo mambo makubwa ya sayansi yakaamuliwa na mzigo wa kuni. Marita aliporudi jioni ya kesho yake, akiwa juu ya lori la mahindi, kitu cha kwanza alichokiona pale njia panda kilikuwa Nesta ndani ya koti la mvua.

Koti lenyewe lilikuwa la kijani, jipya, refu mpaka kwenye magoti, lina kofia yake na vifungo vya kubana vinavyolia ta, ta, ta. Kifuani kulikuwa na picha ya ua. Nesta alimpokea mzigo, akamwamkia, akamweleza habari ya mgeni kwa unyenyekevu wote. Marita hakusikia neno. Alikuwa anahesabu vifungo. Vilikuwa saba.

"Mvua haijanyesha leo," alisema.

"Nilifikiri itanyesha, dada."

"Na hiyo kofia je? Una mkutano na jua?"

Tangu siku hiyo Marita akawa na ugonjwa. Kila asubuhi aliwaona wakipita, Zuleha na daftari lake, Nesta na koti lake, wakipanda vilima ambavyo yeye Marita alivijua tangu akiwa mgongoni mwa mama. Alimwambia mumewe, Osea, kwamba koti la plastiki linaleta vipele. Kisimani alisema kijani ni rangi ya watu wa misitu, na anayelivaa siku moja atakamatwa kwa makosa ya mwenye koti. Mvua iliponyesha alikasirika kwa sababu koti lilikuwa na kazi, na jua lilipowaka alikasirika kwa sababu Nesta alilivua akalikunja begani, upande wa ua ukitazama nje. Hata chumvi kwenye mboga ilikuwa inamkera.

Kilichomvunja ni mkutano. Zuleha hakuwa mtafiti wa kuchota na kukimbia. Alisema aliyoyapata lazima ayarudishe kwa wenyewe wayasikie, wakosoe palipokosewa. Kwa hiyo mwezi wa tatu watu wakakusanyika ofisini kwa mzee Jairo, na kinasa sauti kikawekwa mezani, kidogo kama kiberiti. Sauti ya Nesta ikatoka humo, safi, ya kujiamini, kama ya mtangazaji wa redio.

"Sisi huku ukishachimba unarudishia udongo, unalaza nyasi juu, halafu unakanyaga kwa kisigino mara mbili. Ni desturi ya bibi zetu."

Zuleha akauliza kama ni kweli. Watu wakaitika. Wengine walikuwa hawajawahi kuchimba hata kiazi kitamu.

Marita akasimama. "Huyo bibi si wa kwenu. Ni wangu. Na alikuwa anakanyaga mara mbili kwa sababu mguu wake mmoja ulikuwa mfupi. Akikanyaga mara moja anaanguka."

Ofisi ikalipuka kwa kicheko. Mzee Jairo alicheka mpaka akashika meza. Nesta aliinamisha macho, na hata yeye mabega yalikuwa yanamtikisika ndani ya lile koti. Zuleha alicheka pia, kisha akaandika kwenye daftari, akamgeukia Marita kwa adabu zote akamwomba waonane kesho. Marita alikaa chini akiwa amenona. Kwa mara ya kwanza baada ya mwezi mzima alisikia njaa.

Kesho yake Zuleha alimkuta uani, akamwamkia, wakakaa juu ya magunzi. Akasema ameumia kwa kumkosa siku ya kwanza, na kwamba jina lake litaingia kwenye ripoti. Marita akauliza litaingia juu au chini ya la Nesta. Binti akababaika, akasema majina yatapangwa kwa alfabeti. Marita akataka kujua nani anatangulia huko kwenye alfabeti. M inatangulia N. Akaridhika kidogo.

"Na huko mlikokwenda mmehesabu maua mangapi?"

"Arobaini na moja, mama. Kilima kizima. Imenisikitisha sana."

"Ng'ambo ya kilima hamkwenda?"

"Mama Erica aliniambia ng'ambo ile hakuna kitu."

Marita alicheka. Basi mtaalamu wa koti hajui hata yaliyo nyuma ya nyumba yake. Mama Erica, mtangazaji wa redio. Alipokuwa anacheka, jambo lile likamtoka mdomoni kama kikohozi. Alisema anajua mahali ambapo mtu akianza kuhesabu atachoka kabla maua hayajachoka.

Waliondoka alfajiri. Marita alimzungusha binti kwa mazoea, huku na huko, asijue njia, mpaka wakashuka bondeni jua likiwa limepanda. Maua yalikuwa yamesimama, ya njano na ya zambarau, mengine meupe yenye miguu mirefu kama buibui. Zuleha alivua miwani akaifuta, akaivaa, akaivua tena. Kisha akachuchumaa akaanza kulia. Marita alishangaa, lakini alipenda. Kwenye kilima cha Nesta hakuna aliyelia.

Sasa ikabidi kuyahesabu na kuyawekea alama, ili mwakani Zuleha akirudi ajue lipi limeota tena na lipi limekufa. Alikuwa na vibati vidogo vyenye namba, vinavyochomekwa ardhini mpaka vinazama, havionekani ila kwa mwenye ramani. Hivyo ndivyo walivyofanya kwa Nesta.

"Hivi hivi? Vinafukiwa?"

"Ndiyo mama. Kwa usalama. Asione mtu."

Marita alitazama juu. Mbele yao, ng'ambo ya bonde, kulikuwa na mgongo wa kilima, na juu ya mgongo huo kuna shamba la maharage, na shamba hilo ni la Nesta. Mtu akisimama pale kupalilia, anaweza kutazama chini kati ya miti miwili akaona bonde. Angeona majani. Vibati asingeviona.

"Mimi nataka kitu cha kuonekana," alisema. "Ile tepe yako nyekundu. Ifunge kwenye fimbo, kila ua na fimbo yake. Ndefu."

Zuleha alikataa. Alisema ile tepe ni ya kupimia mipaka, alisema hatari, alisema watu wataona. Marita alijibu kwamba bonde ni lake, mlinzi ni yeye, na kama tepe hazifungwi, basi na vibati avichomoe waende nyumbani. Binti wa watu alitazama maua yale, akafikiria utafiti wake, akafikiria arobaini na moja. Akatoa mkasi.

Siku mbili walifunga. Zilikuwa fimbo mia nne na kumi na saba, na pembeni mwa kila fimbo ua lilikuwa na ndugu zake watatu wanne waliokosa fimbo. Upepo ulipovuma, bonde zima lilipepea kama uwanja wa sherehe za Muungano. Marita alipanda mpaka nusu ya kilima akageuka kutazama. Akasema hapo sasa.

Nesta alikuja kwake siku ya tatu, bila koti. Alisimama mlangoni, hakutaka hata kukaa.

"Dada, zile tepe zitoe."

"Zinakuumiza macho?"

"Zinaonekana mpaka barabarani. Jana dereva wa lori ameniuliza huko chini kuna harusi ya nani."

"Umemwambiaje?"

"Nimemwambia ni mpaka wa shamba."

"Vizuri. Mwambie na mwenye shamba ni nani."

Nesta akaondoka. Marita alimsindikiza kwa macho mpaka kwenye migomba, akihisi utamu ambao hakuwa ameupata hata siku ya arusi yake. Ndivyo mwenye wivu anavyokuwa, alijisemea, akimaanisha mwenzake.

Mwezi wa nne Zuleha alirudi chuoni. Kabla ya kupanda gari alimshika Marita mikono yote miwili, akamsihi maua yakishanyauka tu aziondoe tepe na fimbo zote, abakize vibati. Marita akaapa. Na angeondoa, hakika angeondoa, isipokuwa sikukuu ya mavuno ilikuwa mwezi wa sita, na ilikuwa imebaki kama wiki nane tu.

Siku hiyo hakupeleka kikapu. Ibada ilipoisha aliwakusanya watu waliotaka kutembea kidogo, na waliotaka walikuwa karibu kanisa zima, pamoja na wageni wa kwaya waliotoka Vwawa na Mpemba. Akawapandisha mpaka shambani kwa Nesta, akawasimamisha kati ya miti miwili. Maua yalikuwa yameshapotea. Chini kulikuwa na majani yaliyolala na tepe nyekundu mia nne na kumi na saba.

Alieleza kila kitu. Alieleza kwamba chini ya kila tepe kuna mmea umelala, kwamba kwa macho huwezi kuuona, kwamba mwakani binti wa chuo kikuu atakuja kuhesabu, na jina litakaloandikwa litaanza na M. Watu wakapiga makofi. Mgeni mmoja wa kwaya aliuliza kwa upole kama kweli kila tepe ina chikanda chini yake, au nyingine ni za mapambo. Marita akamhakikishia kwamba hakuna hata moja ya mapambo. Nesta alikuwa amesimama pembeni, anang'oa magugu kwenye shamba lililokwisha kuvunwa.

Mwezi wa saba wiki ya pili, Marita alikwenda bondeni kutoa tepe. Alikuwa amebeba gunia la kuzitia. Alishuka kwa njia ya kuzunguka kama kawaida, lakini katikati ya mteremko alikuta kijia. Kipana, kimekanyagwa, kina maganda ya miwa. Alikifuata tu. Hakukuwa na sababu tena ya kuzunguka.

Bonde lilikuwa limefunguliwa. Kila fimbo ilikuwa imelazwa kando ya shimo lake, kwa mpangilio, kama watu waliofanya kazi kwa mkataba. Waliochimba hawakuwa na unyayo kama wake, na hawakuuhitaji, maana walikuwa wameonyeshwa. Kati ya fimbo na fimbo wamechimba pia. Udongo mweusi ulikuwa umekauka juu, na vile viazi vya mwaka uliopita, vilivyonyauka, ambavyo mnunuzi hapokei, vilikuwa vimetupwa hovyo kama meno. Vibati vilikuwa vinang'aa juani. Tepe hazikuwepo hata moja.

Alianza kurudishia udongo. Alirudishia shimo, akalaza nyasi, akakanyaga kwa kisigino, halafu akakanyaga tena. La pili. La tatu. Alipofika la ishirini na kitu alisikia hatua, akajua ni nani bila kuinua kichwa. Nesta alipiga magoti upande wa pili akaanza kusukuma udongo kwa viganja.

Walirudishia mashimo mpaka Marita akashindwa kujizuia.

"Ulimwambia yule binti ng'ambo hii hakuna kitu."

"Nilimwambia."

"Ulikuwa hujui?"

Nesta alilaza nyasi, akazipapasa. "Nilikufuata mwaka aliozaliwa Erica. Nililala kwenye majani pale juu, nikakuona unapapasa kwa mguu. Nikarudi nyumbani."

Erica alikuwa darasa la sita. Marita alijaribu kuhesabu miaka ile, misimu yote ambayo Nesta alikwenda kwenye vilima vilivyokwanguliwa akarudi na kibakuli, huku akijua.

"Hukuchimba hata siku moja?"

"Ni lako, dada," Nesta alisema. "Nilikuwa nakuonea wivu sana. Lakini ni lako."

Marita alitafuta neno la kumchoma, kwa mazoea. Alilitafuta kote. Mwisho alichukua kijembe akaendelea.

Wiki iliyofuata alikwenda Tunduma. Hakuwa na cha kuuza. Alimwambia Osea anakwenda kununua sabuni, kitu ambacho hata dukani kwa mzee Jairo kipo. Akapita foleni ya malori yanayosubiri kuvuka, akapita wabadilisha kwacha, mpaka kwenye stoo ya Twaibu, mnunuzi wake wa miaka yote, mtu wa Kondoa aliyehamia mpakani kabla barabara haijawekwa lami mpya. Twaibu alimkaribisha kwa furaha, akamtolea kiti, akamuuliza habari za watoto. Akamwambia mwaka huu mzigo umekuwa adimu, Sumbawanga hakuna, Makete hakuna, wanawake wa Nakonde, ng'ambo ya mpaka, wanagombania hata vumbi. Ila yeye amebahatika.

Nyuma yake, ukutani, kulikuwa na magunia matatu yamesimama. Midomo yake ilikuwa imefungwa kwa tepe nyekundu, imezungushwa mara nyingi, na ncha zimeachwa ndefu.

"Hiyo ni ya kwenu," Twaibu alisema alipoona anapotazama. "Ya Ileje. Tamu hiyo, mama Asajile, hata mimi nisiyekula naijua kwa harufu. Nilidhani ni wewe umewatuma."

Alifungua gunia moja amwonyeshe. Marita aliingiza mkono mpaka kwenye kiwiko. Vilikuwa baridi, vimejaa, vikubwa kwa vidogo, hata vile vya mwaka wa kwanza ambavyo yeye asingevigusa. Akatoa kimoja, akakigeuza kwenye kiganja, akakirudisha. Kisha akauliza bei, kama mteja yeyote.

Debe lilikuwa shilingi elfu thelathini na mbili.